Ushauri: Mdogo wangu yuko mahabusu kwa kesi ya mirungi, ikichelewa sana dhamana inapatikana?

DadaWaMwaloni: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mdogo wangu alikuwa konda wa basi la Sirari kuja Mwanza. Gari likasimamishwa, kwenye buti vikakutwa viroba vya mirungi. Mwenye mzigo alishateremka kitambo, wakabebwa yeye na dereva. Tunaingia mwaka wa pili. Kila tarehe kesi inatajwa tu, upelelezi haujakamilika, rudini tena. Siku ya kwanza hakimu alimwambia asijibu lolote, na mpaka leo hajajibu. Juzi kuna mtu katufuata nje ya mahakama, anasema kwa kuwa kesi imekaa sana, milioni mbili na nusu zinatosha kumtoa. Mama anataka kuuza kiwanja cha Igoma. Nishaurini.

Sato_Mkavu: Wauza sumu wakae huko huko. Vijana wanaharibika kila kona, nyie mnalilia dhamana.

BabuWaKirumba: Sato, konda hajui kila kilichomo kwenye buti. Ndiyo maana kuna kesi, ili ijulikane. Sasa kama kesi yenyewe haianzi?

WakiliMtoro: Dada, huyo wa milioni mbili na nusu ni kishoka. Msimpe hata ya soda.

Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inaangalia uzito. Mzigo ukifika kiwango kilichowekwa kwa aina hiyo ya dawa, mahakama imefungwa mikono, dhamana haipo hata awe na wadhamini kumi. Kuchelewa peke yake hakufungui huo mlango. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha makosa yasiyo na dhamana, kile cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwenye shauri la Dickson Sanga. Hapo ndipo tulipo.

Na kuhusu kutojibu: kama shtaka ni la Mahakama Kuu, hakimu hana mamlaka ya kulisikiliza. Anapokea tu mpaka upelelezi uishe, ndipo jalada lipande.

Mzee_wa_Nansio: Mbona India wanatoa? Nilisoma kuna jamaa wa kilo 180 za bangi.

WakiliMtoro: Kweli, Mahakama ya Juu ya India, 2023. Alikaa ndani zaidi ya miaka saba, wakasema kifungu cha kubana dhamana hakiwezi kumfanya mtu asote bila kesi kwisha. Binafsi naona walisema haki. Lakini jaji wa hapa hafungwi na hukumu ya India.

Pa kupigania ni kwenye mizani. Mirungi ikikauka inapungua uzito. Hati ya mashtaka inasema kilo ngapi? Zilipimwa lini, na viroba vyake au bila? Ripoti ya Mkemia Mkuu imetoka? Uzito halisi ukionekana uko chini ya kiwango, wakili anaomba dhamana siku hiyo hiyo. Nimeona watu wakihangaika na wadhamini mwaka mzima, hati yenyewe hawajaisoma.

DadaWaMwaloni: Hati tunayo. Uzito umeandikwa mmoja tu, haisemi na viroba au bila. Wakili hatuna, hela hatuna.

BintiSengerema: Tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Mdogo wako aombe mwenyewe mbele ya hakimu, aseme hana uwezo wa wakili, iandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi. Kila tarehe aulize upelelezi umefikia wapi, nalo liandikwe. Wengi wanakaa kimya kizimbani halafu jalada linabaki tupu.

BabuWaKirumba: Na kama ikitokea kesi imefutwa msikimbilie kushangilia. Wengine walishawahi kukamatwa tena pale pale mlangoni na kusomewa shtaka upya.

WakiliMtoro: Babu kasema kweli, limewatokea watu. Siku hiyo muwe na wakili karibu. Na dada, hiyo hati usiipige picha ukaiweka hapa, ina jina lake. Niandikie inbox kilo na tarehe ya kupimwa tu.