Eti nikabangue korosho! Mbele ya makarani wote!

Wakuu, habari za jioni. Yangu si nzuri.

Nipo kwenye bajaji hapa Mtwara naelekea Shangani, mikono bado inatetemeka. Ni bosi wangu, jina silitaji, mnamjua. Yule ambaye akifoka Ligula, kule Msimbati wanapandisha ngalawa ufukweni wakidhani tufani. Leo amenyoosha kidole mbele ya makarani wote akasema: "Kama kazi imekushinda, nenda kabangue korosho."

KABANGUE KOROSHO. Mimi!

Kisa ni mfumo wa kompyuta wa kupokelea mzigo wa korosho ghalani. Karani analogini vizuri, anaandika jina la mkulima, daraja, kilo, akibonyeza "hifadhi" anarudishwa kwenye paswedi. Anaanza upya. Anatolewa tena. Foleni ya wakulima imefika Tandahimba.

Sasa nisikilizeni. Seva, ile kompyuta kuu inayoendesha mfumo, haikumbuki mtu. Kila ukibonyeza kitu wewe ni mgeni, mpaka kivinjari kioneshe kidakuzi, kijifaili kidogo chenye namba ya sesheni yako (kumbukumbu kwamba umeshalogini), nayo seva ikaitafute namba hiyo kwenye mafaili yake. Mwezi uliopita nani aliagiza seva ya pili iongezwe bila kuniambia? Yeye! Kwa hiyo unalogini seva ya kwanza, faili lako linabaki huko, ukibonyeza "hifadhi" unapelekwa ya pili. Inatafuta, faili halipo. Nje!

Nimemwandikia hadi nimechoka: sesheni zikae mahali pamoja, kwenye databesi au Redis (ghala la data la haraka), seva zote zisome hapo hapo. Jibu lake ni moja tu, "Ongeza muda." Muda gani? PHP, lugha iliyoandikia mfumo, usipobadili mipangilio yake inaihesabu sesheni kuwa takataka baada ya sekunde 1440, yaani dakika 24. Watu wanatolewa hata dakika haijaisha! Weka mwaka mzima, faili bado liko seva nyingine. Halafu kompyuta yenyewe ni moja, makarani wanapokezana. Sesheni ikiachwa wazi siku nzima, mmoja akienda kula, yeyote atakaa pale aandike kilo kwa jina la mwenzake, na hizo ni pesa za wakulima.

Hayo yote nilimweleza kwa heshima, "Mzee, naomba nikuoneshe." Ndipo likaja hilo la korosho. Karani mmoja akacheka hadi chai ikampalia.

Mama yangu amebangua korosho Newala. Vidole vimeungua kwa yale mafuta ya maganda, na mimi nikasoma kwa vidole hivyo. Halafu mtu asiyejua kidakuzi na kitumbua anaitoa kazi ya mama yangu kama tusi!

Pweza_Mkavu: Pole sana dada. Huyo si ndiye aliyezima kiyoyozi cha chumba cha seva ili kuokoa luku?

Mwana_Chikongola: Uzi mrefu kama risala ya Mwenge. Kwa kifupi umefokewa. Sisi gereji tunafokewa hata kabla ya chai.

fundi_mitambo: Mleta uzi, kidakuzi umekikagua? Kama kimewekewa masharti ya https na ukurasa mmoja unaitwa kwa http tupu, kivinjari hakikitumi. Utatolewa vile vile.

Mleta uzi: Nimekagua. Kidakuzi kinatumwa na namba ni ile ile. Nimeweka jina la seva chini ya kila ukurasa: ikija ya kwanza upo ndani, ikija ya pili upo nje. Nilimwonesha akaona kwa macho yake! Akasema nini? NIKABANGUE KOROSHO!

fundi_mitambo: Basi kwa leo waambie wamfunge kila mtu kwenye seva ile ile aliyologini, msimu upite.

Mleta uzi: Seva hiyo ikizimika, wote waliofungwa humo wanatoka kwa pamoja. Na lawama kwa nani?

Kisamvu_cha_Nazi: Afadhali nyie mnatolewa na mfumo wenu wenyewe. Mimi programu ya benki inanitoa nikiwa bado natafuta miwani.

Mwana_Chikongola: @Kisamvu_cha_Nazi wewe bibi nunua miwani ya kamba.

Mkulima_Nanyamba: Mmeacha la maana. Salfa, dawa ya mikorosho, imeletwa kwa jina la babu yangu, marehemu. Mimi niliye hai simo kwenye orodha. Hilo nalo ni sesheni?

fundi_mitambo: Hapana mzee, hiyo ni orodha tu.

Mkulima_Nanyamba: Basi orodha ni mbovu kuliko sesheni.

Mtu_wa_Kilwa: Nyie mna mtandao wa kulalamikia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga, sisi tulilala ndani ya basi, simu zimezima, watoto wanalia.

Pweza_Mkavu: Somanga hiyo hiyo? Nilikuwepo! Basi lenu ni lile la kijani? Humo nilisahau kapu langu la pweza.

Mtu_wa_Kilwa: KUMBE NI WEWE! Hilo kapu limenuka mpaka Mbagala!