Naomba ushauri: Vitz ya 2008 yenye kilomita chache au Fit ya 2010 iliyotembea sana?

Bint Sitara

Habari zenu wakuu. Nimejichanga muda mrefu na sasa nataka kununua gari langu la kwanza. Nafanya kazi za zamu hospitalini, nyingine zinaisha usiku wa manane, na kusimama barabarani saa hizo kusubiri usafiri kunanitia hofu. Naishi na mama, anatumia kiti cha magurudumu cha kukunja, na nina watoto wawili. Nahitaji gari dogo la milango mitano, lisilokunywa sana mafuta, ambalo likiharibika fundi wa kawaida analiweza na spea zake hazisumbui.

Nimechuja mpaka nimebaki na mawili. La kwanza ni Toyota Vitz ya 2008, injini ya lita 1.0, otomatiki, kilomita 58,000. Rangi inang'aa, ndani safi kabisa, muuzaji anasema lilikuwa linatoka mara mojamoja tu. La pili ni Honda Fit ya 2010, injini ya lita 1.3, otomatiki, kilomita 141,000. Lina mikwaruzo kwenye bampa la nyuma na kiti cha dereva kimechakaa pembeni, lakini mwenye nalo amelitumia miaka mingi na ana bahasha nene ya risiti za sevisi. Bei zinakaribiana.

Moyo unanivuta kwenye Vitz kwa sababu ya zile kilomita. Kaka yangu naye anasema nisiguse gari lolote lenye CVT, ile gia boksi ya otomatiki ya mkanda, na yote mawili ni CVT. Nifanyeje? Na nikienda kuangalia, niangalie nini hasa? Mambo ya injini siyajui.

Dereva Mtulivu

Hongera dada. Chukua Vitz. 58,000 hilo bado jipya, mafuta linanusa tu, na spea zake hutozitafuta.

Fundi Spana

Dada Sitara, nakuomba usiamue kwa ushauri wa mtu ambaye gari lenyewe hajaliona, mimi nikiwemo. Namba ya kwenye dashibodi ni namba tu mpaka kitu kingine kiithibitishe, na kuirudisha nyuma ni kazi ndogo kwa mwenye kifaa. Gari la 2008 lenye 58,000 linawezekana kabisa, ila lazima lijieleze. Tazama raba ya pedali ya breki. Kwa kilomita hizo mistari yake inatakiwa bado imesimama. Ikiwa imelika ikawa laini, au ni mpya kabisa ndani ya gari la umri huo, uliza kwa nini. Shika usukani pale mikono inapokaa, uone kama umesuguliwa ukawa unang'aa. Tafuta stika za kumwaga oili kwenye fremu ya mlango na chini ya boneti. Mafundi wengi huandika kilomita za siku hiyo, na wanaochezea namba husahau kuzibandua.

Na hata kama namba ni ya kweli, gari lililokaa sana lina magonjwa yake. Raba haihesabu kilomita, inahesabu miaka. Mipira ya maji, mkanda wa alteneta, bushi za mbele, raba zinazoshikilia injini, vyote hivyo vinakauka na kupasuka gari likiwa limeegeshwa. Injini ya Vitz hiyo ni 1KR-FE ya silinda tatu, ambayo kwa asili inatikisika kidogo kuliko ya silinda nne. Raba zake zikichoka, mtetemo utaufikia mpaka kwenye kiti ukiwa umesimama kwenye foleni na gia iko D. Tairi nazo ziangalie ubavuni palipoandikwa DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo ni la kubadilisha hata kama meno yake yote yapo.

Sasa kuna jambo ambalo nakusihi usiliruke. Mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike. Ukifika, kabla mazungumzo hayajanoga, fungua boneti uweke kiganja juu ya injini. Lazima iwe ya baridi. Injini ya moto inaficha mengi: cheni inayolia sekunde chache za kwanza, moshi wa bluu wa kuwashia, silinda inayokosa kuwaka kidogo kabla ya kupata joto. Ikiwa baridi, na ikiwa baridi tu, fungua mfuniko wa rejeta. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, iwe safi na yenye rangi yake, isiwe maji ya kutu, na pasielee mafuta. Fungua na mfuniko wa oili uugeuze. Ute mzito wa rangi ya maziwa unaweza kuwa maji yameingia kwenye oili, ingawa gari la safari fupifupi sehemu za baridi nalo huweka utando mwembamba pale. Kwa hiyo chomoa na kijiti cha oili ulinganishe. Kisha mtu mwingine awashe, wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosi. Mvuke mwepesi unaoisha ni kawaida. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokata, wenye harufu tamutamu, ni kulanti, na hapo waage uondoke.

La mwisho linahusu haya magari mafupi hasa. Nyuma hayana mwili mrefu wa kupokea pigo, kwa hiyo likigongwa huko pigo linafika sakafu ya buti mara moja. Inua kapeti, toa tairi la spea kama lipo, pitisha vidole kwenye shimo lake. Bati la kiwandani limetulia, na sili ya kwenye maungio imepakwa kwa mstari ulio sawa. Ukikuta vijikunjo kama vya karatasi iliyofinyangwa ikanyooshwa, au sili imepakwa kwa kidole, gari hilo liliumia hata kama nje linang'aa. Ile mikwaruzo ya bampa la Fit ndiyo sababu ya kwenda kuangalia humo ndani.

Mzee wa Gia

Niseme kuhusu CVT. Kaka yako hajakosea kuogopa, amewaona watu waliolia. Lakini "usiguse CVT yoyote" itakufungia nusu ya magari madogo yaliyopo.

CVT haina gia za kupanda na kushuka kama otomatiki ya zamani. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na puli hizo zinapanuka na kubana ili kubadilisha mwendo. Kinachofanya mkanda huo ushike bila kuteleza ni mafuta yenye sifa maalumu. Toyota wana CVT Fluid TC na FE, Honda wana HMMF na baadaye HCF-2, Nissan wana NS-2 na NS-3. Mtu akimimina ATF, mafuta ya otomatiki ya kawaida, "kwa sababu ni otomatiki tu," mkanda na puli vinaanza kusagana, na chembe za chuma zinaenda kuziba njia za valvu. Nyingi zinazokufa mapema zinaanzia hapo, au kwa kuachwa miaka bila kubadilishiwa mafuta.

Kwa hiyo kwenye ile bahasha ya risiti, tafuta jambo moja kwanza: je, mafuta ya gia boksi yamewahi kubadilishwa, na ni ya aina gani? Jibu hilo kwangu lina uzito kuliko tofauti ya kilomita 80,000.

Kwenye majaribio, endesha mpaka gari lipate joto sawasawa. Mzunguko wa kuzunguka mtaa hautoshi. Simama, toka D kwenda R na kurudi, ukiwa umekanyaga breki. Lishike bila kuchelewa na bila kugonga. Kisha ondoka taratibu sana, mguu mwepesi, usikilize kati ya kilomita 10 na 40 kwa saa. Likitetemeka kama linapita kwenye matuta wakati barabara ni laini, acha. Tafuta mlima, simama katikati, ondoka. Rudi nyuma kwenye mlima huohuo. Na kwenye mwendo mkubwa sikiliza mvumo unaopanda kadiri kasi inavyopanda. Unaweza kuwa tairi, unaweza kuwa beringi za gia boksi, na fundi wako ndiye atakayekutofautishia.

Bint Sitara

Asanteni sana wakuu, nimeandika yote kwenye daftari. Mzee wa Gia, mwenye Fit nimempigia. Anasema mafuta ya gia boksi yamebadilishwa mara mbili na risiti zipo. Wa Vitz amesema "hiyo haina haja ya kubadilishwa, ya kiwandani ni ya maisha."

Swali lingine: 1.0 itatuweza watu wanne na kiti cha mama? Njia ya nyumbani ina mlima mrefu.

Mzee wa Gia

Ya maisha ya gia boksi lenyewe, ndiyo. Likifa, nayo yameisha. Usiikubali hiyo kauli.

Mlezi wa Baba

Dada, mimi nambeba baba na kiti chake kila wiki, hili nalijua kwa mikono yangu. Fit tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, sio chini ya kiti cha nyuma. Ndiyo maana kile kiti cha nyuma unaweza kuinua makalio yake yakasimama wima, ukapata nafasi ndefu kutoka sakafuni kwenda juu. Kiti cha magurudumu kikikunjwa kinaingia hapo kikiwa kimesimama, kupitia mlango wa nyuma, bila kukilaza wala kukinyanyua juu ya kizingiti cha buti. Kiti hicho kimegawanyika 60 kwa 40, kwa hiyo unainua upande mdogo na watoto wako wawili wanakaa upande mkubwa. Vitz hana huo mpango, na buti lake ni dogo zaidi.

Ila usiniamini mimi, viti vya magurudumu havifanani. Nenda nacho. Kiingize na kukitoa mwenyewe, na mama akae kiti cha mbele ashuke na kupanda. Mgongo wako ndio utakaoishi na gari hilo baada ya zamu ya usiku.

Dereva Mtulivu

Kwa hali hiyo ya mama nakubaliana na wenzangu. Vitz ya 1.0 ina nguvu farasi kama 71, Fit ya 1.3 ina karibu 100. Peke yako mjini hutoona shida na 1.0. Mkiwa wanne mlimani na kiyoyozi kimewashwa utakuwa unakanyaga sana, na hapo ule ubahili wa mafuta unapungua. Bado nasema Vitz ni gari zuri.

Karani Mstaafu

Makaratasi pia, tafadhali. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya tarakimu 17, yana namba ya chesisi inayoanza na msimbo wa modeli. Vitz ya 1.0 ya miaka hiyo ni KSP90, Fit ya 1.3 inayosukumwa na tairi mbili za mbele ni GE6. Soma namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe, ilingane herufi kwa herufi na hati ya umiliki. Kama muuzaji ana karatasi ya mnada ya Japani, usiishie kwenye gredi. R au RA ni gari lililowahi kukarabatiwa baada ya ajali. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Na kilomita za siku ya mnada zimeandikwa humo.

Kwa namba hiyohiyo ya chesisi uliza kama gari limo kwenye wito wa kurudishwa ili kubadilishiwa airbag (mifuko ya hewa ya kukinga abiria) za Takata. Ziliingia kwenye magari ya kampuni nyingi, Toyota na Honda zikiwemo, na zikifyatuka zinaweza kurusha vipande vya chuma. Kubadilishiwa huwa ni bure kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari. Ukiwasha swichi, taa ya airbag iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata ili usione tatizo.

Bint Sitara

Nimerudi na majibu. Kwenye Vitz nilifika nikaweka kiganja kama Fundi alivyosema: injini ilikuwa ya moto, na nilimwomba jana yake asiwashe. Pedali ya breki imelika upande wa kulia mpaka chuma kinaonekana, na tairi mbili hazifanani mwaka. Nilimuuliza kuhusu pedali, akasema ndivyo zilivyo. Nikaaga.

Fit ilikuwa ya baridi. Imewaka mara moja, moshi hakuna, kulanti ya bluu safi. Shimo la spea limenyooka, sili iko sawa. Mlimani imeondoka bila kutetemeka. Fundi niliyekwenda naye ameinyanyua na jeki, kasema bushi za mbele zimekwisha na tairi mbili ni za 2015. Mmiliki amekubali kupunguza bei kwa hayo mawili. Namba ya chesisi inalingana, na airbag ilishabadilishwa, ameonyesha barua. Kiti cha mama kimeingia kikiwa kimesimama. Nalichukua wiki hii. Nianze na nini?

Fundi Spana

Safi sana. Anza na tairi na bushi, kisha upime alaimenti (mnyooko wa tairi) baada ya bushi, sio kabla. Halafu oili ya injini na filta, plagi zikaguliwe, mafuta ya breki yabadilishwe kama hakuna risiti yake. Kwenye gia boksi mwambie fundi amwage kwa nati ya chini na kujaza upya kiasi kilekile kilichotoka, mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na asikubali mtu kulisukuma kwa mashine ya presha. Kopo ulinunue mwenyewe na lifunguliwe mbele yako.