Naomba ushauri: tukubali fidia nje ya mahakama au tuendelee na kesi dhidi ya polisi?
Ndugu zangu, salaam. Mdogo wangu, mwendesha bodaboda hapa Mombasa, alivunjwa mkono na askari waliomkamata usiku na kumwachilia asubuhi bila shtaka lolote. Nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) tunayo, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ilijazwa na daktari. Malalamiko yako IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi nchini Kenya, ambayo huchunguza na kupendekeza askari ashtakiwe, lakini kazi ya kuamuru fidia ni ya mahakama. Ndiyo maana wakili wetu alifungua kesi ya madai dhidi ya Serikali kabla ya ile miezi 12 ya kisheria kwisha.

Sasa upande wa pili unataka tumalizane nje ya mahakama kwa kiasi kinachotosha gharama za hospitali tu, na rasimu ina kifungu kinachosema hatutakuwa na dai lingine lolote kuhusu tukio hilo. Je, tukitia sahihi, malalamiko ya IPOA nayo yatakufa? Mimi naona ni mambo mawili tofauti, ila mdogo wangu ana wasiwasi.

Isitoshe, kwa kuwa sheria hairuhusu mali ya Serikali kukamatwa ili kulipa deni la hukumu, waliowahi kushinda kesi za namna hii walilipwaje, na je, tudai tarehe ya malipo iandikwe ndani ya makubaliano yenyewe?