Wiki ya tatu bila sigara, jana nikateleza. Nimerudi sifuri?

Kiberiti Kimelowa:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa waliopita hii njia maana hapa nilipo akili haijatulia kabisa. Niliacha sigara ghafla tu, sikupunguza wala nini, na nilikuwa mtu wa karibu pakti nzima kwa siku, ya kwanza naiwasha hata uso sijanawa. Siku tatu za mwanzo zilikuwa moto ila nilijiandaa, kila mtu alinambia ukivuka hapo umemaliza. Sasa mbona mimi huko kumaliza sikuoni? Tuko wiki ya tatu, usiku usingizi hakuna, nikiupata naota navuta, yaani naota kabisa nimewasha na nashtuka roho inadunda. Kikohozi ndo kimezidi kuliko enzi zile navuta, asubuhi natoa makohozi ya rangi ya kahawia. Hasira usiseme, juzi nimemfokea wife kisa kifuniko cha chupa.

Jana sasa. Tulitoka na washkaji wa kazini, tukanywa kidogo, mmoja akawasha pembeni yangu, moshi ukanijia puani, nikajisikia tu nasema nipe pafu moja. Pafu likawa nusu sigara. Na wala haikuwa tamu, kichwa kilizunguka, mate yakajaa mdomoni karibu nitapike. Lakini wakati wa kurudi nikanunua pakti. Iko kwenye droo hapa, sijaifungua, na kuna sauti inanambia ushaharibu tayari, si umalizie hii afu uanze upya tarehe moja.

Nimerudi sifuri au? Na huu usingizi na kikohozi ni arosto bado au kuna kitu kingine? Matusi pelekeni kwingine, nishajitukana vya kutosha.

mstaafu_wa_moshi:
Mkuu kabla hujamaliza kusoma hapa nyanyuka, chukua hiyo pakti, ivunjevunje, mwagia maji. Mwenyewe unajiita Kiberiti Kimelowa, basi na pakti ilowe. Usimpe mtu, usiiweke "kwa ajili ya wageni", hiyo ya wageni naijua vizuri, mgeni huwa ni wewe mwenyewe saa tano usiku.

Kuteleza si kuanguka. Nusu sigara ni nusu sigara, imeisha jana. Kinachorudisha watu kwenye uvutaji mara nyingi si lile pafu, ni hesabu inayofuata, ile ya "nishaharibu". Na tarehe moja nayo ina nini cha ajabu? Ukianza tarehe moja utakuwa umevuta siku zote za katikati, yaani unajirudishia arosto yote ile uliyokwisha kuilipia. Endelea kuanzia leo hii, siku zako zote ulizokaa bila sigara zipo palepale hakuna aliyekunyang'anya.

Pombe weka pembeni kwa hizi wiki za mwanzo. Sio dini, ni kwamba ukiwa na glasi mkononi yule wa kukukataza anakuwa kashalala.

Mfamasia wa Zamu:
Pole sana kaka. Mimi nauza hizi dawa za kusaidia kuacha sigara na maswali kama yako nayapata kila wiki, ngoja nikujibu ya mwilini.

Waliokwambia siku tatu hawakudanganya ila walikata hadithi katikati. Nikotini inatoka haraka, nusu yake inapungua kila baada ya saa 2 hivi, kwahiyo ndani ya siku 3 imekwisha. Ubongo ndo bado. Miaka yote ya kuvuta ulikuwa umejiongezea vipokezi vya nikotini, yaani sehemu za kuipokea, na kuvirudisha kwenye idadi ya mtu asiyevuta inachukua kama wiki 6 mpaka 12. Hasira, usingizi mbovu, kukosa utulivu, hayo kwa wengi yanapungua sana ndani ya wiki 2 hadi 4, ila hamu ya ghafla inaweza kukushtukiza hata baadae ukipita mazingira uliyozoea kuvutia. Hamu yenyewe inadumu dakika chache tu, ukiweza kuondoka pale ulipo inapita.

Kikohozi: ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu juu, moshi ulikuwa umevilemaza, sasa vimeamka vinafagia. Makohozi ya kahawia mwanzoni ni kawaida. Ukiona damu, au kifua kinabana, au pumzi inakata, hapo usiulize mtandaoni, nenda hospitali.

Usingizi sasa, na hapa nataka nikuulize swali ambalo watu hawalitegemei: unakunywa kahawa vikombe vingapi kwa siku?

Kiberiti Kimelowa:
Pakti nimeiloweka, wife kasimamia. Kahawa vinne vitano hivi, na sasa hivi nimeongeza maana ndo kitu pekee kilichobaki 😅

Mfamasia wa Zamu:
Nilijua tu. Moshi wa sigara unalifanya ini livunje kafeini haraka mno. Ukiacha kuvuta ini linarudi kwenye mwendo wake, kwahiyo vikombe vilevile ulivyozoea vinakupa kafeini karibu mara mbili kwenye damu. Mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, usingizi kukata, mtu anadhani ni arosto tupu kumbe na kahawa imo. Punguza iwe nusu, na ukishapita mchana usiguse.

Hapohapo niongeze kwa wengine wanaosoma: kama unatumia dawa za akili kama clozapine au olanzapine, au theophylline ya pumu, mwambie daktari kwamba umeacha sigara, dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa kwa sababu hiyohiyo ya ini. Wenye kisukari wa kuchoma insulini nao wapime sukari mara nyingi zaidi.

Bi Shufaa:
Mimi sijawahi kuvuta ila nimeishi na aliyekuwa anaacha kwahiyo naongea kwa upande wa wife wako. Hicho kifuniko cha chupa nakijua, kwetu ilikuwa mlango kufungwa kwa nguvu. Mwambie kabisa, kwa mdomo, kwamba hizi wiki ukinuna hujamnunia yeye. Na mkubaliane neno moja ambalo ukilisema unatoka nje kuzunguka kidogo, yeye asikufuate kukuuliza una nini. Kwetu hilo lilisaidia kuliko mawaidha yangu yote, maana mawaidha nilitoa mengi na kila nikitoa mwenzangu alikuwa anatamani sigara zaidi.

jogoo_la_alfajiri:
Hizo dawa za dukani ni kubadilisha ulevi tu, kutoka sigara kwenda kwenye viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi. Mwanaume anaacha kwa moyo. Nilitupa na sikurudi.

Mfamasia wa Zamu:
Hongera kaka, wapo kama wewe, lakini sio wote na sio suala la uanaume. Nikotini ndo inayokufunga, ila kinachoua zaidi ni moshi, lami na kaboni monoksaidi. Kiraka hakina moshi. Shirika la Afya Duniani liliingiza viraka na chingamu za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009.

Kiberiti Kimelowa:
Hapo kwenye chingamu. Nilinunua siku ya kwanza, nikatafuna moja nikapata kwikwi na tumbo likawaka moto nikatupa zote. Zile si ndo za kutafuna?

Mfamasia wa Zamu:
Unazitafuna kama jojo ndo maana. Ile nikotini inatakiwa ipite kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, ukiimeza na mate inakuchoma tumbo na kazi haifanyi. Tafuna polepole mpaka usikie pilipili kwenye ulimi, acha kutafuna, ibane kati ya fizi na shavu. Ladha ikiisha tafuna tena kidogo, bana upande mwingine. Nusu saa hivi. Dakika 15 kabla usinywe kahawa wala soda, asidi inazuia isifyonzwe.

Kwa mtu anayewasha ndani ya nusu saa tokea aamke kama wewe ni ya miligramu 4, ile ya 2 utaiona haifanyi kitu. Na zaidi ya sigara 10 kwa siku kiraka cha kuanzia huwa ni miligramu 21, unaweza ukabandika kiraka asubuhi na chingamu ukaiweka kwa zile hamu za ghafla, viwili pamoja vinasaidia kuliko kimoja. Ndoto zikizidi bandua usiku. Kama una tatizo la moyo au mwenzio ana mimba na nyote mnaacha, muone daktari kwanza.

Ukiteleza tena ukiwa umebandika, usibandue kwa hasira. Zima sigara, kiraka kiache.

Kiberiti Kimelowa:
Nashukuru sana. Ijumaa wale washkaji wanatoka tena, nimewaambia mimi sipo mpaka mwezi ujao, mmoja kacheka ila yule aliyenipa pafu kaniuliza chembani hizo chingamu zinapatikana wapi.

mstaafu_wa_moshi:
Mlete huku huyo.