Kamera ya kwanza kwa bajeti ndogo: megapikseli ziache, tazama sensa na lenzi

Salamu ndugu muulizaji,

Umeuliza kamera yako ya kwanza ya bei nafuu iwe na megapikseli ngapi (mamilioni ya nukta zinazounda picha), lakini hapo ndipo pa mwisho pa kuhangaikia. Picha ya A4 iliyochapwa kwa nukta 300 kwa inchi haifikishi megapikseli 9, na kamera karibu zote utakazokutana nazo sokoni zimeshavuka hapo. Uliza ukubwa wa sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha. Nyingi za zile ndogo za mfukoni za bei ya chini zina sensa ya takribani milimita 6.2 kwa 4.6, APS-C (sensa kubwa zaidi ya kamera za kubadilisha lenzi) ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo mara 13 hivi. Ndiyo maana ukumbini usiku ile ndogo hutoa chenga tupu. Kama tayari una simu nzuri, kamera hiyo haikuongezei kitu zaidi ya kuvuta vya mbali.

Ushauri wangu: nunua APS-C iliyotumika, na DSLR (kamera yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia) usiikimbie. Zimeshuka bei kwa sababu watengenezaji wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo, si kwa sababu picha zake zimekuwa mbaya. Ila usimalizie fedha zote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Bakiza ya lenzi ya pili. Ile ya mm 18-55 inayokuja na kamera (mm kubwa huvuta zaidi) inafaa mchana, lakini ukiivuta hadi 55 tundu lake kwa kawaida halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Lenzi ya mm 50 yenye f/1.8, ambayo huwa kati ya zile za bei nafuu kabisa, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa vitendo, pale ulipolazimika kupiga kwa 1/15 ya sekunde, mtoto akigeuka tu sura inafutika, sasa unapiga kwa 1/150. Kasoro yake: kwenye APS-C inabana mwono kama lenzi ya mm 75 kwenye sensa kubwa ya full-frame, na katika sebule ndogo utarudi nyuma mpaka ukuta ukuzuie. Kwa sebule tafuta mm 35.

Ukichagua Nikon za D3000 au D5000 na ndugu zake, bodi hazina mota ya fokasi (ya kuweka picha iwe kali). Lenzi iandikwe AF-S, yenye mota yake; zile za AF-P hazifanyi kazi kwenye bodi za zamani kama D3000 na D5000 zenyewe. Za zamani za AF-D zitaingia vizuri tu, ila fokasi utazungusha kwa mkono.

---

Naongezea hapo kwa mwenzangu, upande wa kukagua kabla ya kutoa pesa. Nenda na tochi na kadi yako ya kumbukumbu.

Toa lenzi, mulika kwa nyuma, chungulia kwa mbele. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu; iache, maana hata ikisafishwa inaweza kuwa imeshakula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo. Kisha weka f/16, piga ukuta mweupe bila kufokasi. Doa linalobaki palepale kwenye kila picha ni uchafu wa sensa, husafishika. Mstari ulionyooka toka juu mpaka chini ni sensa yenyewe mbovu. Uliza pia shata (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga) imepiga mara ngapi: nyingi za ngazi ya kuanzia hukadiriwa kufika mizunguko 100,000 hivi. Betri ikitoka kwa kuvutana imevimba, hesabu gharama ya nyingine.

---

Mimi langu dogo kwa mnaonunua mtandaoni toka nchi nyingine. Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na menyu ya Kijapani tu, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa lugha. Chaja isomeke 100-240V, hapo utahitaji kubadilisha plagi tu. Video ikichezacheza chini ya taa za ndani, kasi ya shata haiendani na umeme wa ulipo (Hz ni mapigo yake kwa sekunde): penye 50Hz weka 1/50 au 1/100, penye 60Hz weka 1/60 au 1/120.

Na kadi: bodi za zamani zinazoishia SDHC (aina ya kadi ya zamani) kwa kawaida hazisomi zaidi ya GB 32, kwa hiyo ile ya GB 64 uliyoipata kwa bei poa huenda ikaleta ujumbe wa hitilafu tu. Ukishapata inayokubali, ifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.