Ukoo wa Bibi: Jumamosi nani analeta nini

Shangazi Mwanaidi, 19:04
Hamjambo wote. Jumamosi ndiyo hiyo inakuja na orodha ya chakula bado tupu. Kila mmoja aandike hapa analeta nini NA kimepikwa na nini. Sitaki kuandikiwa "mchuzi" basi. Mchuzi wa nini, mafuta gani, umetiwa nini.

Baba Mdogo Hamisi, 19:09
Mimi naleta tumbo 😂

Shangazi Mwanaidi, 19:10
Hamisi, tumbo lako na maziwa nalo limo kwenye mipango. Andika chakula.

Shangazi Mwanaidi, 19:36
Watu 23 mmesoma, hakuna aliyeandika hata chumvi.

Mama Nuru, 19:41
Shikamoo Shangazi. Asante kwa kulianzisha. Wengine mnajua, wengine mmejiunga juzi: Nuru ana mzio wa karanga na korosho. Si kwamba asile nyingi. Asionje kabisa, na mwiko uliokoroga karanga usiingie kwenye sufuria yake hata ukifutwa kwa kitambaa.

Shangazi Mwanaidi, 19:42
Marahaba mwanangu. Mmesikia.

Salama, 19:50
Hivi kila tukikutana lazima turudi kwenye ule mwiko?

Mama Nuru, 19:51
Wifi, sijamtaja mtu.

Salama, 19:53
Hukunitaja lakini mwiko umeutaja. Radhi nilishaomba. Kilikuwa kijiko kimoja tu cha karanga za kusaga, mchuzi ushike. Sikuweka kwa ubaya.

Mama Nuru, 19:58
Najua hukuweka kwa ubaya. Lakini nilikuuliza, Wifi. Nilisimama mlangoni mwa jiko, sahani ya mtoto mkononi, nikauliza kuna karanga humu? Ukanijibu bila kugeuka, "Mpe tu, hamna kitu." Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kijiko nilishakisamehe.

Zuhura, 20:06
Jamani nani amebaki na sufuria yangu kubwa tangu siku ile? Ile ya mfuniko wa kioo

Baba Mdogo Hamisi, 20:07
Sufuria ina mzio wa kurudi kwao 😂😂

Shangazi Mwanaidi, 20:07
Zuhura, sufuria baadaye. Hamisi nakuomba. Daudi uko wapi? Wewe ndiye muuguzi humu.

Daudi, 20:48
Ndiyo natoka zamu, nimesoma yote. Shikamooni wakubwa.

Ba'mdogo, yako na ya Nuru si kitu kimoja. Wewe mwili wako hautengenezi laktasi ya kutosha, ile inayovunja sukari ya maziwa. Sukari inafika chini haijavunjwa, tumbo linajaa gesi, unaharisha. Inakera, ila haiui, na kidogo unaweza kukivumilia. Jibini ngumu haina sukari hiyo ila chembe, na mtindi wengi wanauweza.

Nuru kinga yake ya mwili inaiona protini ya karanga kama adui. Inaanza kwa vipele, midomo kuvimba, kutapika, halafu koo linabana na presha inashuka. Dakika chache tu. Na chembe inatosha.

Baba Mdogo Hamisi, 20:50
Kwa hiyo aiskrimu ninayo ruhusa 🙏

Daudi, 20:51
Vijiko viwili, na ukae karibu na dirisha.

Shangazi Mwanaidi, 20:53
Daudi, kuna aliyeniuliza pembeni: karanga zikikaangwa sana, si ule ubaya unaisha?

Daudi, 20:57
Hauishi. Moto wa jikoni hauiondoi ile protini. Na mafuta yaliyokaangia karanga yasikaangie kitu kingine atakachokula. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ile jeli ya kusafishia mikono inaua vijidudu lakini protini ya karanga inabaki pale pale.

Zuhura, 21:02
Daudi na mimi nikuulize. Mdogo wangu huyu maziwa ya ng'ombe yanamtoa vipele, nimeambiwa nimpe ya mbuzi. Pia nimemkatia mayai, ngano na samaki kwa tahadhari

Daudi, 21:08
Ya mbuzi usimpe, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Na hivyo vingine vyote vitatu umemkatia kwa kipimo gani? Mtoto anakua, atapungukiwa bure. Mpeleke kwa daktari wiki hii. Andika kila anachokula, saa ngapi, na kilichotokea baada yake, uende na hilo daftari. Na usimjaribishe nyumbani kuona kama kweli.

Zuhura, 21:09
Amepungua kweli uzito 😔 Nitampeleka

Bibi, 21:20
(Bibi anasema, mimi Tatu naandika.) Nimesomewa yote. Mtoto yule nilimshika mimi siku ile. Midomo ilikuwa imevimba hata jina langu halitamki, akawa ananivuta kanga tu. Mimi mzee nimezika watu wengi, sijawahi kuogopa vile. Salama, wewe ni mjukuu wangu kama Nuru alivyo kitukuu changu, sikufukuzi. Lakini neno "hamna kitu" asiliseme tena mtu jikoni kwangu kama hajui kilichomo chunguni. Aseme sijui. Na Jumamosi karanga na korosho hazivuki mlango wangu, hata za mfukoni.

Shangazi Mwanaidi, 21:34
Mama amesema.

Salama, 21:47
Nimesikia Bibi.

Mama Nuru, 21:55
Asante Bibi. Nitakuja na sindano zake mbili za adrenalini, zitakaa kwenye mfuko mwekundu juu ya meza, si kabatini. Naomba watu wawili zaidi yangu wajue kuzitumia.

Daudi, 22:01
Nitawaonyesha. Inachomwa pajani kwa nje, hata juu ya nguo. Mtoto alazwe, miguu iinuliwe, asitembezwe. Akihema kwa shida mwacheni akae. Gari la wagonjwa liitwe hapo hapo, na zikipita dakika 5 bila nafuu, ya pili. Vidonge vya mzio vinatuliza vipele tu, koo havifungui, msipoteze muda navyo. Na hata akipata nafuu anakwenda hospitali, inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Baba Mdogo Hamisi, 22:04
Niandikeni mimi. Hapa sitanii.

Shangazi Mwanaidi, 22:05
Hamisi mmoja. Wa pili nani?

Shangazi Mwanaidi, 22:26
Wa pili nani jamani.

Zuhura, 22:31
Keki nanunua mimi. Kwenye pakiti imeandikwa "huenda ikawa na chembe za karanga". Si huenda tu?

Mama Nuru, 22:33
Hapana dada. Hiyo huenda kwa Nuru naihesabu imo. Na kampuni nyingi hawalazimiki kuiandika, kwa hiyo hata isiyo nayo nitumie picha ya viambato nisome kwanza.

Shangazi Mwanaidi, 22:36
Basi keki haina mwenyewe. Nimeandika: Daudi vinywaji, mimi nyama na mchuzi, Zuhura bado. Salama, sijaandika kitu kwenye jina lako. Unaleta nini?

Salama, 22:58
Matunda. Yasiyomenywa, mtamenya wenyewe. Kama nitakuja.

Mama Nuru, 23:02
Njoo Wifi. Tumenye wote.

Yusufu, 23:40
Hamjambo, ndiyo naona. Jumamosi hii au ijayo?