Bukavu: kwa nini mgonjwa wa mgongo asubiri mpasuaji kabla ya kupimwa na kine, mtaalamu wa tiba ya mazoezi?

Ndugu wanajukwaa, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu jambo ninalolilalamikia lingeweza kurekebishwa hata kesho, bila mashine mpya wala mfadhili.

Katika hospitali moja ya hapa Bukavu, ambayo sitaitaja, kila anayefika na maumivu ya mgongo, goti au bega huandikwa moja kwa moja kwenye orodha ya daktari mpasuaji wa mifupa. Analipia fishi, yaani kadi ya kumwona daktari, analipia radio, yaani picha ya eksirei, kisha anarudishwa nyumbani kungoja zamu yake. Wakati huo mtaalamu wa fiziotherapia, kine wetu, ambaye amesomea hasa misuli, viungo na mishipa ya fahamu, yumo ndani ya ua huohuo, lakini haruhusiwi kumgusa mgonjwa mpaka mpasuaji aandike karatasi.

Mama yangu mkubwa amebeba magunia maisha yake yote, kamba ikiwa kwenye paji la uso, kutoka bandarini hadi soko la Kadutu, na nyote mnaujua ule mlima. Kiuno kilipomkamata, aliuza alichokuwa nacho ili alipie hiyo radio. Alipofika hatimaye mbele ya mpasuaji, picha ilitazamwa dirishani, akaambiwa kwamba diski, zile sahani laini kati ya pingili za uti wa mgongo, zimechakaa ila hapasuliwi, akaandikiwa vidonge na mkanda wa kiuno wa kununua. Hakuna aliyemwambia ainame, hakuna aliyepima nguvu za miguu yake, wala hakuna aliyemuuliza anabeba nini na kwa namna gani.

Kuhusu hizo diski, uchunguzi uliokusanya picha za watu wasioumwa kabisa, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha uchakavu wa diski kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha peke yake, bila mikono ya mtu anayempima mgonjwa, inaweza kumtia hofu mwanamke asiye na sababu ya kuogopa. Na kuhusu mkanda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno mwezi wa Desemba 2023, likapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na likataja mikanda ya kiuno miongoni mwa mambo yasiyopaswa kutolewa kwa mazoea. Basi mama yangu mkubwa alilipishwa kile kisichopendekezwa na akanyimwa kile kinachopendekezwa, nacho kilikuwa mlango wa pili tu kutoka pale alipoketi.

Linaloniumiza zaidi ni wale ambao kweli wanamhitaji mpasuaji. Shirika hilohilo linasema kwamba takriban asilimia 90 ya maumivu ya kiuno hayana chanzo mahususi cha ugonjwa kinachoweza kuonyeshwa, maana yake wengi waliomo katika foleni ile hawatapasuliwa kamwe, lakini wanaijaza. Nyuma yao amekaa mtu mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, mwenye homa za jioni, anayekonda na kuumwa usiku hata akiwa amelala. Amekaa pia mtu aliyeanza kupata ganzi sehemu za siri, ambaye mkojo umekataa kutoka na miguu inalegea. Huyo anahitaji kupasuliwa haraka sana, kwa kuwa akicheleweshwa anaweza kubaki na ulemavu wa kudumu. Kine hufundishwa kuuliza maswali haya na kuzitambua dalili hizi. Akiwekwa mlangoni, huyu wa hatari angevushwa mbele siku hiyohiyo, na mama yangu mkubwa angeanza mazoezi bila kungoja mtu.

Najua watakuja wa kusema kwamba kine si daktari. Hakuna anayedai ashike kisu. Nchini Uingereza, vituo vingi vya madaktari wa familia vina mtaalamu wa fiziotherapia anayewapokea kwanza wenye maumivu ya misuli na mifupa, na ni yeye anayeamua nani aende kwa mpasuaji. Uswidi nako mgonjwa huenda kwake bila karatasi ya daktari yeyote. Ikiwa nchi zenye wapasuaji wengi kuliko sisi zimeona haja ya kuulinda muda wao, sisi wenye wachache tunautapanya kwa sababu gani? Au ni kwa sababu fishi ya mpasuaji inaingiza dolari nyingi zaidi?

Ninaitaka hospitali hiyo imweke kine kwenye mapokezi, impe ruhusa ya kumpeleka mgonjwa wa hatari kwa mpasuaji bila foleni, na iache kudai radio kabla mgonjwa hajapimwa kwa mikono. Ndugu wa Goma na Lubumbashi, na ninyi makine mnaosoma hapa, andikeni jinsi mambo yanavyokwenda kwenu. Barua kwa daktari mkuu wa hospitali ninaiandaa, na nitaambatanisha majibu yenu.